Mapigo Mia Nne na Mtoto wa Rungwe Mpya

Desemba iliyopita nilikuwa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, kumjulia hali mama yangu mzazi. Usiku wa pili watoto wa kaka yangu walinizunguka wakitaka niwaonyeshe picha ya mapigano kwenye kompyuta yangu. Sikuwa nayo. Niliyokuwa nayo ni filamu moja ya Kifaransa ya mwaka 1959, isiyo na rangi, isiyo na bunduki hata moja, ambayo huwaonyesha wanafunzi wangu wa chuo kikuu tunapojadili dola na familia. Nikawaambia, "Hii ni habari ya mtoto mtundu." Wakakubali, kwa kuwa hakuna mtoto asiyependa kusikia habari za mtundu mwenzake. Majirani nao walisogea, akiwamo mwalimu mstaafu ambaye zamani alinifundisha hesabu. Nikawa nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kuyafasiri kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipompita mama, kwa Kiha.

Filamu hiyo inaitwa *Les Quatre Cents Coups*, kazi ya kwanza ndefu ya François Truffaut. Ukilifasiri jina hilo neno kwa neno unapata "Mapigo Mia Nne", nalo litakupoteza, maana kwa Wafaransa "kupiga mapigo mia nne" ni nahau ya kumwelezea mtu aliyefanya kila aina ya utundu na fujo. Hata hivyo, mmoja wa watoto wale aliposikia jina hilo aliuliza papo hapo: "Baba mdogo, ina maana alichapwa viboko mia nne?" Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha kicheko kikanikwama. Mtoto huyu wa darasa la nne, mbele ya neno "pigo" na neno "mtoto", hakuona uwezekano mwingine isipokuwa kwamba mtoto ndiye mpigwaji. Makala haya yametokana na swali lake.

Kwanza nikusimulie filamu yenyewe. Antoine Doinel ni mvulana wa Paris mwenye umri wa miaka ipatayo 13. Anaishi na mama yake na baba wa kambo katika nyumba finyu, na kitanda chake kiko njiani karibu na mlango. Darasani anakamatwa na picha ambayo wenzake wote wameipitisha mkononi kabla yake, na yeye peke yake ndiye anayeadhibiwa. Anaanza utoro pamoja na rafiki yake René. Siku moja ya utoro anamwona mama yake barabarani akibusiana na mwanamume asiyemfahamu. Mama amemwona na mtoto amemwona, na hakuna anayesema neno. Kesho yake mwalimu anapomuuliza kwa nini hakufika shuleni, Antoine anajibu kwamba mama yake amefariki. Uongo huo haudumu hata siku moja, na baba wa kambo anakuja kumchapa makofi mbele ya darasa zima.

Kutoka hapo mambo yanaporomoka. Anaandika insha kwa kuiga maneno ya Balzac, mwandishi anayempenda kiasi cha kumwashia mshumaa nyumbani, na mwalimu anamtangaza kuwa mwizi wa maandishi. Anakimbia nyumbani. Yeye na René wanaiba taipureta katika ofisi ya baba wa kambo, wanashindwa kuiuza, na Antoine anakamatwa anapoirudisha. Baba wa kambo mwenyewe anamshika mkono na kumpeleka kituo cha polisi. Usiku huo mtoto analala katika kizuizi kimoja na watu wazima. Anachukuliwa alama za vidole, anapigwa picha, anapakiwa garini pamoja na wahalifu na makahaba, na gari linapokatiza mitaa yenye taa za jiji analia kimya akiwa ameshika vyuma vya dirisha. Kisha anapelekwa katika kituo cha uangalizi wa watoto. Huko anapigwa kofi kwa kuanza kula mkate kabla ya amri. Mama anakuja kumwambia kwamba nyumbani hawamtaki tena. Rafiki yake René anaendesha baiskeli kutoka mbali kuja kumwona, anazuiwa mlangoni. Mwishowe, siku ya mpira, Antoine anapenya chini ya wavu na kukimbia, anakimbia hadi baharini, mahali ambapo hakuwahi kufika. Maji yanamfika miguuni. Anageuka, anatutazama, na picha inaganda hapo.

Ilipoganda, sebule ya mama ilikuwa kimya. Watoto walidhani kompyuta imeharibika. Aliyevunja ukimya ni mwalimu wangu wa zamani: "Mwanangu, mtoto huyu angechapwa mapema, ipasavyo, asingefika huko." Mama yangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la pili, alijibu bila kumtazama: "Alichapwa, Mwalimu. Tumeona wote. Alichapwa na kila mtu."

Yote ninayotaka kuyasema hapa yamo katika majibizano ya wazee hawa wawili.

Truffaut hakubuni habari ile kutoka hewani. Alizaliwa mwaka 1932, akalelewa na mama na baba wa kambo aliyempa jina lake, akawa mtoro na mdokozi, na mwaka 1948 alipelekwa katika kituo cha uangalizi wa watoto cha Villejuif, nje kidogo ya Paris. Aliyemsaidia kusimama tena ni mhakiki wa filamu André Bazin, ambaye pamoja na mkewe alimpa kijana huyo makazi, kazi ya kuandika na, zaidi ya yote, imani. Bazin alifariki Novemba 1958, kazi ya kuipiga picha filamu hii ikiwa ndiyo kwanza imeanza, naye Truffaut akaitabaruku filamu kwake. Mwaka uliofuata tamasha la Cannes likampa tuzo ya mwongozaji bora. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Niulize sasa: ni nini kilichomtenga Truffaut na maelfu ya wavulana waliopita vituo vile wakaishia gerezani au makaburini? Je, alikuwa na akili kuliko wote? Sidhani. Alipata mtu mzima mmoja aliyemuuliza anapenda nini kabla ya kumuuliza ameiba nini.

Hapa lipo jambo ambalo sisi wapenda sheria tunapaswa kulitafakari. Ufaransa ya wakati ule haikukosa sheria nzuri. Tarehe 2 Februari 1945, vita vikiwa havijaisha, serikali ya mpito ya Jenerali de Gaulle ilitoa amri maalumu kuhusu watoto wakosaji, iliyoweka hakimu wa watoto na kutangaza kwamba malezi yatangulie adhabu. Miaka 14 baadaye filamu ya Truffaut ikaonyesha mtoto aliyefungiwa na watu wazima, aliyepigwa kofi kwa kipande cha mkate, na mfumo uliomwandikia ripoti bila kumsikia. Sheria ilikuwa imekwisha kubadilika, lakini walimu, wazazi na walinzi walikuwa wale wale.

Sheria ile nayo haikuwa bure. Mwaka 2015 tamasha la Cannes lilifunguliwa na filamu nyingine ya Kifaransa, *La Tête haute*, ya Emmanuelle Bercot, inayomhusu kijana mkorofi aitwaye Malony na hakimu wa watoto, aliyeigizwa na Catherine Deneuve, anayemfuatilia tangu utotoni hadi ujanani. Malony ni mgumu kuliko Antoine mara kumi. Anaiba magari, anapiga watu, anawatukana wanaomsaidia. Lakini katika filamu hii kila anapoanguka kuna mtu ambaye kazi yake ni kumwinua, na mtu huyo analijua jina lake, historia yake na mama yake. Kati ya filamu hizi mbili zimepita zaidi ya nusu karne, na katika kipindi hicho jamii ya Wafaransa iliamua, kwa mabishano mengi ambayo hayajaisha, kuajiri watu wa kuitekeleza sheria iliyokwisha kuiandika. Mwaka 2021 amri ile ya 1945 ilibadilishwa kwa msimbo mpya, na wapo wanaolalamika kwamba mpya ni mkali kuliko wa zamani. Wanabishana bado, lakini wanabishana juu ya kitu kilichopo.

Turudi nyumbani. Tanzania Bara ilirithi Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1937, iliyotungwa na wakoloni, na tukaishi nayo kwa zaidi ya miaka 70. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Hatimaye Bunge likatunga Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Nimeisoma mara nyingi, na nasema bila kusita kwamba ni sheria nzuri. Inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Inaanzisha Mahakama ya Mtoto inayokaa faragha, bila vitisho, mzazi au mlezi na afisa ustawi wa jamii wakiwapo. Inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Inaruhusu mzazi kuamriwa kulipa faini au fidia badala ya mtoto. Mwaka 2016 zikaja kanuni za mwenendo wa mahakama hiyo. Hata lugha tumeibadilisha: hatusemi tena "mtoto mhalifu", tunasema "mtoto aliyekinzana na sheria".

Lakini mwaka 2011, miaka miwili baada ya sheria hiyo, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa taarifa ya ukaguzi wake wa vizuizi, nayo ikabainisha watoto waliochanganywa na watu wazima katika mahabusu na magereza. Yaani Antoine alikuwa hapa hapa kwetu, akiwa ameshika vyuma vile vile.

Tazama na jiografia ya jambo hili, maana mara nyingi haki ni suala la umbali. Kwa miongo mingi mahabusu za watoto Tanzania Bara zilikuwa tano: Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Shule ya maadilisho ilikuwa moja tu, Irambo, mkoani Mbeya, nayo ilikuwa ya wavulana. Chukua ramani uangalie Kasulu, kisha Kibondo, kisha Mbeya. Mzazi wa Rungwe Mpya anayetaka kumtembelea mwanawe Irambo atateremka hadi Kasulu mjini, ashike njia ya Uvinza, apite Mpanda, Sumbawanga na Tunduma, alale njiani, na nauli hiyo ni bei ya magunia ya maharage ambayo huenda hayakuvunwa. René aliendesha baiskeli akazuiwa mlangoni. Mzazi wetu anazuiwa na nauli kabla hajauona mlango.

Matokeo yake ni kwamba katika nyanda zetu za juu za Kigoma mtoto aliyekosea hafiki kabisa mbele ya Mahakama ya Mtoto. Zipo njia nyingine tatu anazopitishwa, zote za haraka, na hakuna kati yake iliyoandikwa katika sheria ya 2009.

Ya kwanza ni fimbo. Kanuni za elimu za mwaka 2002 zilipunguza viboko shuleni hadi visizidi vinne, zikaagiza vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Msomaji uliyesoma shule ya msingi nchi hii, jiulize kama umewahi kukiona kitabu hicho. Mwezi Agosti 2018, mjini Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu aliyemtuhumu kuiba mkoba wa mwalimu mwenzake. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia mwalimu yule hatiani kwa mauaji. Taifa lilishtuka, tukaandika, tukalaani, kisha fimbo zikarudi mikononi.

Ya pili ni hasira ya umma. Januari 2015 jiji la Dar es Salaam lilitaharuki kwa habari za vijana waliojulikana kama Panya Road, na mwaka 2022 jina hilo likarudi pamoja na mauaji na majeraha ya kweli kwa wananchi wasio na hatia. Silidharau hata kidogo chozi la aliyekatwa panga usiku mlangoni kwake. Lakini sikiliza tulivyozungumza wakati ule, hata sisi wasomi. Tuliwapa jina la mnyama, na mnyama akishapewa jina la panya hakuna anayeuliza alizaliwa wapi na aliacha shule darasa la ngapi, kwani kinachofikiriwa ni sumu na mtego.

Ya tatu ni ya kwetu hasa, na ndiyo iliyo kimya kuliko zote. Ni stendi ya basi. Buha imesafirisha nguvu kazi tangu enzi ya mkoloni, pale babu zetu walipokwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Leo mtoto aliyeshindikana, au aliyedhaniwa kushindikana, hupandishwa basi. Wavulana huenda kwenye tumbaku ya Urambo na Kaliua, wasichana huenda kulea watoto wa watu mijini. Hakuna anayeandika popote kwamba mtoto amehukumiwa. Ukiuliza utaambiwa "ameenda kutafuta maisha". Shuleni jina lake linasomwa wiki kadhaa chini ya kichwa cha utoro, kisha linakatwa kwa kalamu nyekundu.

Nalijua hili kwa sababu nimeshiriki. Nilipokuwa darasa la sita, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa kiranja. Mwenzetu mmoja, mwerevu kunizidi katika hesabu, alichota maharage ya shamba la shule, nusu debe hivi, usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Nilimwona. Asubuhi nikamtaja. Sikutumwa na mtu, nilitaka kusifiwa. Alichapwa mbele ya mstari, na walimu walipokezana. Hakuna aliyemuuliza maharage yalikwenda wapi. Baadaye sana nilikuja kuambiwa na mama kwamba siku zile nyumbani kwao kulikuwa na mgonjwa na hakukuwa na chakula. Kijana yule hakurudi shuleni. Ilisemwa ameondoka na watu wa tumbaku. Mimi niliendelea, nikapasi, nikapata udhamini, na leo watu wananiita daktari.

Siwezi kudai kwamba shahada yangu ilinunuliwa kwa nusu debe la maharage. Ila najua kwamba mifumo tunayoilaumu sisi waandishi huwa na kiranja wake, na mara nyingine kiranja huyo hukua akawa mwandishi.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na nyingine ni nzito. Ya kwanza ni ya methali. Nitaambiwa samaki mkunje angali mbichi, na kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nazikubali methali hizo zote. Lakini kukunja si kuvunja. Anayekunja samaki hufanya hivyo kwa uangalifu, akijua anataka umbo gani, na samaki huwa mkononi mwake muda wote. Sisi tunampiga, tunamtupa, kisha tunamsubiri arudi akiwa amekunjika. Iko methali nyingine, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ambayo huisema kwa kumlaumu mama. Hatujiulizi ulimwengu huo unaofunza ni nani. Ulimwengu ni mimi, ni wewe, ni mwalimu, ni mtendaji wa kijiji, ni askari wa zamu. Kama tunafunza vibaya, basi tusimtwike mama peke yake.

Hoja ya pili ni ya aliyeibiwa. Mjane aliyeamka akakuta mbuzi wake hayupo, je, tumsomee historia ya mwizi? Hapana. Anastahili mbuzi wake au thamani yake, anastahili kuombwa radhi, na anastahili kulala bila hofu. Lakini katika njia zile tatu mjane huyo hapati hata kimoja kati ya hivyo. Mtoto akichapwa, mbuzi harudi. Akipandishwa basi la Urambo, deni linasafiri naye. Inayoweza kumrudishia mjane haki yake ni njia ya nne, ile tunayoikimbia: mtoto, mzazi na mkosewa wakae pamoja, ukweli usemwe, fidia ikadiriwe, na mtoto ashiriki kuilipa kwa kazi anayoiweza bila kuacha shule. Wazee wa kale wa kila kabila la nchi hii walilijua baraza la namna hiyo. Sheria ya 2009, kwa kuruhusu fidia, haiko mbali nalo.

Hoja ya tatu ni ya fedha, ile ninayoisikia kwa viongozi: nchi ni maskini, hatuwezi kuwa na hakimu wa watoto kila wilaya kama Ufaransa. Nakubali kwamba hatuwezi kila kitu. Lakini mengi ninayoyapendekeza hayahitaji jengo jipya.

Kwanza, kila kata iwe na afisa ustawi wa jamii aliyeajiriwa, anayelipwa, na mwenye usafiri. Sheria ya Mtoto imemtaja afisa huyu karibu kila ukurasa: ndiye anayechunguza mazingira ya mtoto, ndiye anayekaa mahakamani, ndiye anayemfuatilia baadaye. Asipokuwapo, sheria yote inakuwa kama nyumba nzuri isiyo na nguzo. Tumeweza kuwa na mtendaji katika kila kata kwa ajili ya kukusanya michango. Tunaweza kuwa na mtu mmoja kwa ajili ya watoto.

Pili, kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za vijiji na kata, zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka 2017, zisiishie kuwa orodha ya majina ofisini. Zipewe mafunzo na mamlaka ya kusuluhisha makosa madogo ya watoto kabla hayajafika polisi. Yale yanayofika polisi yaende kwenye dawati la jinsia na watoto, wala si kwenye chumba wanamolala watu wazima.

Tatu, Kigoma ipewe mahali pake. Mkoa huu umebeba wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo kadhaa. Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996, na Nduta iko Kibondo. Watoto wengi wamekulia hapa bila walezi wao wa asili, katika makambi na katika vijiji vinavyoyazunguka. Kuutaka mkoa kama huu upeleke watoto wake Mbeya ni sawa na kusema hatutaki wapelekwe popote.

Nne, mlango wa shule ubaki wazi. Mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi darasani. Mjadala wote uliwahusu wasichana waliopata ujauzito, na ilikuwa haki iwe hivyo, maana ndio walioumizwa zaidi. Lakini ruhusa ile inamhusu pia mvulana aliyerudi kutoka kwenye tumbaku akiwa na umri wa miaka 16 na aibu tele. Ni nani amekwenda nyumbani kwake kumwambia?

La tano halihitaji bajeti wala waraka. Tunapomkamata mtoto na kitu kisicho chake, tumuulize kwanza. Swali si upole wa kijinga. Swali ndiyo kazi ya kwanza ya mpelelezi, ya daktari na ya mwalimu, na hakuna hata mmoja kati yao anayeruhusiwa kutibu kabla ya kuuliza. Katika filamu ya Truffaut kuna mahali ambapo mtaalamu wa saikolojia, asiyeonekana usoni, anamhoji Antoine pale kituoni. Ni mara ya kwanza katika filamu nzima mtu mzima kumuuliza mtoto huyu na kumwacha ajibu hadi mwisho. Naye anajibu yote, bila kuficha, kwa uchangamfu unaoumiza: habari za mama yake, za bibi yake, za uongo wake. Majibu alikuwa nayo muda wote. Kilichokosekana ni muulizaji, na alipopatikana ilikuwa kituoni, mtoto akiwa amekwisha kupoteza nyumbani na shuleni.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijaondoka, mwalimu wangu wa zamani alikuja kuniaga. Tuliamkiana, tukazungumza habari za mvua na bei ya maharage. Kisha akasema, kana kwamba tunaendelea na mazungumzo ya dakika chache zilizopita: "Yule kijana wa maharage. Unamkumbuka?" Nikamwambia namkumbuka. Akanyamaza kwa muda, mkono wake ukiwa juu ya fimbo anayoitumia sasa kutembelea. "Mimi nilikuwa wa tatu kumchapa," akasema. "Sikujua hata kosa lenyewe. Nilikuta wenzangu wanachapa."

Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia kwamba aliyemtaja ni mimi. Akaniambia, "Najua." Tukasindikizana hadi barabarani, na gari lilipofika akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mtu aliyefiwa.

Kijana yule, kama yu hai, ni mtu mzima wa rika langu. Yawezekana ana watoto, na yawezekana watoto wake wako katika shule fulani ya Urambo au ya Kasulu asubuhi hii, wamesimama mstarini. Siwezi kumrudishia darasa lake la sita. Ninachoweza ni kuwaomba wanaosoma ukurasa huu, walimu, watendaji, madiwani, wabunge na wazazi, kwamba mtoto wake asikutane na kiranja kama mimi, wala na mstari wa watu wazima wanaochapa kwa sababu wamekuta wenzao wanachapa.

Naomba kutoa hoja.